Kisiwa Kisichojua Bamvua: Siku Nane Bonaire

Januari, Rotterdam

Nimezaliwa Tanga, nyumba ya tatu kutoka ufukweni, na sikuwahi kutia uso wangu ndani ya maji ya bahari mpaka nilipofika miaka thelathini na sita. Wavulana waliruka kutoka kwenye madau. Sisi wasichana tulingoja na mabeseni. Pono, tasi, changu, kangaja: nawajua wote kwa majina, kwa bei na kwa mapishi, lakini hakuna hata mmoja niliyepata kumwona akiogelea.

Aliyeanzisha safari hii ni binti yetu wa miaka kumi. Hapa Uholanzi watoto hufundishwa kuogelea kwa ngazi, wanapewa diploma A, halafu B, halafu C. Alipopata ya C akaniuliza, "Mama, sasa bahari yenyewe iko wapi?" Mimi nami nilikuwa nimejifunza bwawani miaka miwili kabla ya hapo. Bahari ya Kaskazini ni baridi, na maji yake ni ya rangi ya chai ya maziwa. Nyumbani likizo ya Mei hukuta masika, mito inamwaga matope baharini na huoni mkono wako mwenyewe. Baba yake akasema tutafute mahali ambapo mtu anaingia kwa miguu yake kutoka ufukweni na kuyakuta matumbawe hapo hapo, bila kukodi mashua kila siku.

Jioni tatu za kusoma zikatuleta Bonaire: kisiwa cha kilomita za mraba 288, kaskazini mwa Venezuela, ambacho tangu tarehe 10 Oktoba 2010 ni sehemu ya Uholanzi yenyewe. Vimbunga vya Karibiani mara nyingi hupita kaskazini yake. Upepo huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo pwani ya magharibi imetulia, na mwamba uko hatua chache tu kutoka nchi kavu. Halafu nikasoma jambo lililonimaliza: bahari yote inayokizunguka, kuanzia mstari wa maji hadi kina cha mita 60, ni hifadhi tangu 1979. Kuwinda kwa mikuki kulikuwa kumeshakatazwa tangu 1971. Mimi nimekulia mahali ambapo baruti ililia baharini asubuhi, na samaki waliokuja sokoni siku hizo walikuwa na miiba iliyovunjika ndani ya nyama. Nilitaka nione bahari iliyoachwa ipumue umri wangu wote.

Februari na Machi

Nimpigie nani kama si mjomba? Amevua miaka hamsini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko kwenye barafu?"

Nikamweleza. Akauliza upepo gani. Nikasema wa mashariki, haugeuki kusi wala kaskazi.

"Basi kaeni demani, upande usiopigwa na upepo. Na bamvua linafika wapi?"

"Mjomba, nimesoma maji yao yanapanda na kushuka shibiri moja, mbili."

Akanyamaza. Kwetu bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, hutoa mita tatu na zaidi. Maji yakipwa unatembea mpaka kule ambako asubuhi kulikuwa na mashua. "Hakuna bahari isiyopwa," akasema. "Ukifika, funga uzi kwenye nguzo, kisha uniambie."

Maandalizi mengine yalikuwa mepesi. Kila mgeni mtu mzima hulipa kodi ya kuingia dola 75 na ada ya hifadhi dola 40 inayotumika mwaka mzima, na zote mbili zinalipwa kwa intaneti kabla ya safari. Pesa ya kisiwa ni dola ya Marekani tangu 2011, ingawa bendera ni ya Uholanzi. Glavu haziruhusiwi majini, kwa sababu mwenye glavu hushika. Mafuta ya jua yenye oksibenzoni na oktinoksati yamekatazwa kwa kuwa yanadhuru matumbawe. Mimi navaa vazi la kuogelea la stara, mikono mirefu na kichwa kimefunikwa, kwa hiyo mafuta niliyohitaji ni ya pua na viganja vya miguu tu. Nawashauri hata wanaume wavae fulana ya mikono mirefu, maana mgongo wa mtu anayeelea kifudifudi unaungua bila yeye kujua.

Tulichotumia muda ni miwani ya kuzamia, ile inayofunika macho na pua. Usinunue kwa uzuri. Iweke usoni bila kuvuta mkanda, vuta pumzi kwa pua, uiachie: ikishika uso, ni yako, ikianguka, irudishe. Binti yangu alijaribu tisa. Mimi nilijaribu nne, na kila Jumapili tukaenda nazo bwawani tujifunze kupuliza maji yatoke kwenye snokeli, ule mrija wa kupumulia, bila kuinua kichwa. Anayeniuliza safari ilipangwaje, namwambia ilipangwa bwawani.

Jumamosi, 27 Aprili

Karibu saa kumi angani kutoka Amsterdam. Saa za kisiwa ziko sita nyuma ya Uholanzi na saba nyuma ya Tanga, kwa hiyo tulishuka jua likiwa bado kali. Joto lile! Lilinishika shingoni kama mkono wa mtu ninayemjua.

Pikapu tulikuwa tumeikodi mapema. Huko ndiyo gari la kila mtu, kwa kuwa linabeba vitu vilivyolowa na chumvi. Kisiwa kizima hakina taa za kuongozea magari hata moja. Punda wanatembea kando ya barabara, mbuzi pia, na mikaktasi imesimama kila mahali kama nguzo za uzio. Nyumba ya kupanga iko kusini kidogo ya mji mkuu, Kralendijk, na ina gati dogo la mbao.

Jambo la kwanza, kabla ya kufungua masanduku: binti yangu akavua utepe mwekundu wa nywele zake, akaufunga kwenye nguzo ya gati mahali maji yalipofika. Mwezi ulikuwa mpevu siku tatu tu zilizopita. Tanga sasa hivi maji yanakimbia.

Jumapili, 28 Aprili

Saa moja asubuhi bahari ilikuwa kama kioo, kabla upepo haujaongeza nguvu. Niliingia kwa ngazi. Mume wangu alikuwa tayari majini, mkono ameunyoosha. "Taratibu, mama. Pumua kwanza, ndipo utazame."

Nikatazama.

Chini yangu palikuwa na mchanga mweupe, halafu vichaka vya matumbawe: mengine duara yenye mikunjo kama ubongo, mengine yamekaa wima kama vidole, na mengine laini ya zambarau, yametandaa kama kipepeo cha kupepea jiko la mkaa, yakipepea kweli. Mita hamsini hivi mbele, sakafu inainama na kuteremka kwenye buluu. Sikwenda huko. Nilielea juu ya ukingo, moyo ukinipiga masikioni, kisha pumzi ikatulia, na nikasikia sauti: krr, krr, krr. Kama mtu anayetafuna kashata. Nilimtafuta mpaka nikamwona, kijani na waridi, urefu wa mkono wangu, akiuma jiwe.

Pono! Nimempaa magamba mara ngapi huyu, nimempaka ndimu na kitunguu saumu mara ngapi. Sikujua kwamba ana sauti. Anakwangua mwani unaoota juu ya miamba, anasaga na jiwe lenyewe, na anachotoa nyuma ni mchanga. Niliona wingu jeupe likimtoka akiogelea. Ufuo wa namna hii umetokana kwa sehemu kubwa na matumbo ya pono.

Nilipotoka nililia. Binti yangu akanifunga taulo bila kuuliza.

Jioni nilimtumia mjomba ujumbe wa sauti, nikamwambia pia kwamba hapa kuvua pono kumepigwa marufuku tangu 2010. Akajibu: "Pono hawavuliwi? Sasa watu wa huko wanakula nini?" Nikaeleza: mwaka 1983 ugonjwa uliua karibu nungunungu wote weusi wa baharini wa Karibiani, wale wa miiba mirefu, ambao walikuwa wakila mwani. Bila wao kazi hiyo imebaki kwa pono. Akivuliwa, mwani unafunika matumbawe na mapya hayapati pa kushika. Alikaa saa nzima kabla ya kujibu. "Hilo lina maana," akasema. "Mwamba wa kwetu ule wa kushoto umevaa manyoya."

Utepe: umelowa, maji yako pale pale.

Jumatatu, 29 Aprili

Mahali pa kuzamia hapa pametiwa alama za mawe ya njano kando ya barabara, jina limeandikwa juu ya jiwe. Unaegesha, unavaa, unaingia. Sheria moja ya kisiwa tuliambiwa na mwenye nyumba: usiache chochote ndani ya gari, na milango usiitie ufunguo, maana wezi hutembelea magari yaliyoegeshwa huku wenyewe wako majini, na heri wakute hamna kitu kuliko wavunje kioo. Tulibeba maji ya kunywa na taulo kuukuu, basi.

Tulikwenda 1000 Steps, yaani Ngazi Elfu, kaskazini ya mji. Ngazi si elfu, hazifiki hata mia, lakini ukizipanda kurudi juani na mapezi ya kuogelea mkononi utaelewa jina. Kabla ya kuogelea tulielea kimya dakika moja tuone mkondo unatupeleka wapi, kisha tukaanza kwa kupingana nao, ili kurudi kuwe rahisi tukiwa tumechoka. Mjomba ndiye aliyenifundisha hilo kwa simu, na waelekezaji wa hapa wanasema vivyo hivyo.

Chini ya jabali, binti yangu akanivuta mkono. Samaki wa mistari ya kahawia na nyeupe, mapezi yamechanuka kama manyoya, amening'inia kichwa chini. Nilimjua kwenye picha, ni samaki simba (lionfish): miiba yake ina sumu. Hakuwahi kuwa wa Karibiani. Asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, akafika Marekani kwa kufugwa kwenye matangi, akaachiwa, akaenea. Bonaire alionekana mara ya kwanza Oktoba 2009. Samaki wadogo wa hapa hawamjui, hawamkimbii, anawameza. Ndiye pekee ambaye wazamiaji wenye kibali wanaruhusiwa kumchoma, na mahoteli humpika.

Nilimpelekea mjomba picha. Jibu lilikuja mara moja: "Huyo ni wa kwetu. Usimguse. Amefikaje huko?"

Jumanne, 30 Aprili

Leo hatukuogelea. Tarehe hii kila mwaka ni Dia di Rincon, siku ya kijiji cha Rincon, kijiji kikongwe kuliko vyote kisiwani, kilichojificha bondeni mbali na bahari. Barabara zilijaa watu, ngoma, moshi wa nyama. Watu walicheza wapa: wanasimama mistari, mikono wameshikana, wanasogea mbele na nyuma kwa hatua ndogo ndogo kama wimbi lisilo na haraka. Ni ngoma ya simadan, mavuno ya mtama.

Mtama! Zao la Afrika, limevuka na watu wetu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chakula aliniwekea sahani: samaki wa mchuzi na kipande cha funchi. Nilikimega kwa vidole, nikakifinyanga, nikachovya. Yule mama akanitazama mkononi, akacheka, akaniita dushi, ambalo kwa Kipapiamentu, lugha ya kisiwa, ni neno la "mpenzi" na "kitamu" kwa pamoja. Funchi ni ugali. Wao huupika kwa unga wa mahindi, na zamani kwa mtama. Nikamwambia kwa Kiholanzi kwamba kwetu tunaula hivi hivi, na yeye akawaita wenzake waje waone. *Masha danki*, nikasema, ahsante sana, neno la pili nililolijua.

Jumatano, 1 Mei

Kusini kisiwa ni tambarare na cheupe. Mabwawa ya chumvi yana maji ya waridi, na ndege heroe, wale wanaoitwa flamingo, wamesimama ndani yake kwa mamia. Chumvi iliyokauka imerundikwa vilima ambavyo vinaonekana kutoka mbali sana.

Kando ya barabara ile ile, ukingoni mwa bahari, kuna vibanda vya mawe vilivyojengwa mwaka 1850. Kimo chake kinanifika kifuani. Watumwa waliochota chumvi walilala humo siku za kazi, na siku ya mapumziko walitembea saa nyingi hadi Rincon kuwaona wake na watoto wao, kisha wakarudi. Utumwa ulifutwa huku tarehe 1 Julai 1863. Mume wangu alipiga magoti akaingia kimoja. Binti yangu akamfuata, akatoka upesi. "Baba, walilalaje?" Hatukuwa na jibu. Nilikumbuka Bagamoyo, nilipopelekwa na shule, na nikasoma Fatiha pale pale, nikitazama baharini. Mbele ya vibanda hivi wageni wanavaa mapezi na kuingia majini. Sisi hatukuingia. Wengine wataona vingine, lakini mimi sikuweza kuelea juu ya maji yale siku ileile niliyoona milango ile.

Alasiri tu tulisimama Salt Pier, gati la kupakia chumvi, ambalo unaruhusiwa kuogelea chini yake meli zikiwa hazipo. Nguzo zimevaa sifongo za manjano na machungwa toka juu hadi chini, na kundi la samaki wadogo likapasuka mbele yetu na kufunga tena nyuma. Dakika ishirini, tukarudi.

Alhamisi, 2 Mei

Hii ndiyo siku niliyoisubiri. Mbele ya Kralendijk, kama mita 800 hivi, kuna kisiwa kidogo kisicho na mtu, Klein Bonaire. Hakina duka, choo wala maji ya kunywa. Tulibeba lita mbili kila mmoja, kofia na mwavuli mdogo, na hata hivyo nasema beba zaidi.

Mashua ya abiria inakushusha majini juu ya mwamba, mkondo unakuchukua taratibu kando ya kisiwa, na mwisho unatokea kwenye ufuo uitwao No Name. Hakuna kazi ya kufanya. Unalala juu ya maji na nchi inapita chini yako.

Nusu ya njia, ng'amba. Kasa mwenye mdomo wa kipanga, gamba lake la kahawia na dhahabu, yule ambaye magamba yake yalitengenezewa vitana na bangili kwenye masanduku ya bibi zetu. Alikuwa ameinamia sifongo, anaimega, vipande vinaruka, na samaki wadogo wanamzunguka wakiokota makombo. Tulisimama mbali, kama inavyotakiwa, miguu haigusi kitu. Alimaliza, akapanda kuvuta pumzi. Alipita kati yangu na binti yangu, karibu kiasi kwamba niliona kope zake. Kichwa kikatoka juu, pumzi moja fupi, akashuka.

Ufuoni baadaye, binti yangu alikaa mchangani muda mrefu, hasemi. Kisha akauliza kama yule kasa anajua kwamba hapa haruhusiwi kuguswa. Kundi la uhifadhi wa kasa hapa limefanya kazi tangu 1991, wanatembea ufuo huu kutafuta viota, na msimu wa kutaga ndio unaanza. Nikamwambia labda anajua.

Sitasema yote ni mazuri. Tuliona matumbawe makubwa yenye madoa meupe, nyama imekwanguka. Ni ugonjwa wa matumbawe uliofika hapa 2023, na ndiyo maana kila jioni tunalowesha miwani na mapezi kwenye maji ya dawa kabla ya kwenda mahali pengine. Tuliona pia miti ya bandia iliyosimamishwa majini, matawi yake yamening'inizwa vipande vya matumbawe vinavyokuzwa ili vipandikizwe mwambani. Binti yangu aliiita kitalu. Ndivyo hasa.

Ijumaa, 3 Mei

Washington Slagbaai, hifadhi ya kaskazini. Njia ya njano ni kilomita 34, ya kijani 24, mawe matupu, tukachukua fupi. Mijusi mikubwa, kasuku, mikaktasi mirefu kuliko nyumba. Ghuba la Boka Slagbaai ni zuri. Lakini akili yangu haikuwepo.

Asubuhi simu ilikuwa imejaa ujumbe kutoka nyumbani. Kimbunga Hidaya kilikuwa kinaukaribia mwambao wa Tanzania. Mamlaka ya hali ya hewa ilitoa tahadhari, na boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimama. Nilichagua kisiwa hiki kwa sababu vimbunga hukipita kando, na sasa kimbunga kiko kwetu, ambako hatukulelewa kukiogopa. Mjomba hakupokea. Nilijaribu mara nne.

Jumamosi, 4 Mei

Saa kumi na mbili asubuhi nilishuka gatini peke yangu. Nilivaa miwani, nikaingia. Pono walikuwa wameshaanza kazi: krr, krr. Nilikaa juu yao mpaka vidole vikanyauka.

Nilipotoka kulikuwa na ujumbe wa sauti. Nyuma ya maneno yake nasikia mvua kwenye bati. "Mwanangu, tu wazima. Ngalawa tuliivuta tangu juzi, iko chini ya mwembe wa msikitini. Mawimbi yapo, lakini redio inasema kimbunga kiko karibu na Mafia na kinaishiwa nguvu. Usihangaike. Uzi vipi?"

Binti yangu akaja na daftari lake. Siku nane, asubuhi na jioni, alipima kwa kiganja chake toka utepe mpaka maji. Tofauti kubwa kuliko zote: viganja viwili. Nilimpigia mjomba, safari hii akapokea, nikampa mtoto aongee mwenyewe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mama. Haya, sema."

Akasoma namba zote, moja moja. Mjomba alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa wavuvi wa huko," akauliza, "wanajuaje saa ya kutoka?"

Binti yangu akanitazama, kisha akatazama maji, ambako upepo ulikuwa unaanza kukunja kioo. "Ngoja babu," akasema, "kuna mzee mmoja anatengeneza nyavu kule gati la pili. Nakwenda kumuuliza."

Akakimbia na simu yangu, utepe bado umefungwa nguzoni.